Siri za vijana zimo ndani ya PS, na msimu wa kura unakaribia

Mhariri,

Nintendo Switch 2 ilipoingia sokoni Juni 5, 2025, maswali yalikuwa yale yale ya siku zote: bei ni ngapi, picha ni nzuri kiasi gani. Kuna sharti moja la mashine hiyo lililostahili kuzungumzwa zaidi. Ukitaka kutumia chumba chake cha mazungumzo, chenye sauti na kamera, lazima kwanza uthibitishe nambari ya simu, na mtoto wa chini ya miaka 16 hafunguliwi mpaka mzazi akubali kupitia programu iliyo kwenye simu yake. Kampuni haikujiongezea kazi hiyo bure. Inajua kwamba mashine ya michezo siku hizi ni kompyuta yenye kipaza sauti, orodha ya marafiki, kadi ya benki na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Sisi huku Nairobi bado tunaishika kama redio. Tunaiuza, tunaikodisha, tunaiacha kwa fundi wiki mbili, na yote yaliyomo huenda nayo.

Chukua PS4, yaani PlayStation 4 ya Sony, ambayo imejaa katika vibanda vya kuchezea michezo kwa malipo kuanzia Kayole hadi Kawangware. Ndani ya diski yake hukaa barua pepe na jina la akaunti, nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani, jumbe, picha na video zilizonaswa mchezo ukiendelea, na kumbukumbu za kivinjari chake. Hicho kivinjari wengi hukisahau. Mtu alifungua Facebook mara moja tu, labda simu ilikuwa imeisha chaji, akaondoka bila kufunga akaunti, na mlango uko wazi hadi leo. Programu ya YouTube nayo mara nyingi huwa imeunganishwa na akaunti ya Google. Mashine iliyowahi kuunganishwa na kamera huweza kuwa imehifadhi sura ya mwenyewe ili imtambue anapoketi mbele yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo linalouzwa pamoja na mali, kisha aliyenunua huliuza tena.

Kufuta kuna utaratibu wake, na ukianzia mwisho utajuta. Menyu za mashine hizi haziko kwa Kiswahili, kwa hivyo naeleza maana ya kila sehemu; ukiifungua utaitambua.

Kabla ya kufuta chochote, itoe mashine kwenye akaunti. Katika PS4, ingia kwenye mipangilio, nenda usimamizi wa akaunti, chagua pale pa kuifanya mashine iwe PS4 yako kuu, kisha bonyeza kuzima. Katika PS5, ingia watumiaji na akaunti, halafu mengineyo, halafu kushiriki mashine na kucheza bila mtandao, uzime. Ukiruka hatua hii na kufuta moja kwa moja, mtandao wa Sony utaendelea kuihesabu mashine hiyo kuwa yako kuu hata baada ya kufika kwa mnunuzi. Dawa iliyobaki ni kuingia kwenye akaunti kupitia tovuti na kuondoa vifaa vyote kwa pamoja, jambo ambalo huruhusiwa mara moja tu kila baada ya miezi 6. Mwenye kuuza mashine mbili kwa mwezi mmoja, kama walivyo wafanyabiashara wengi wa Barabara ya Luthuli, soko letu la vifaa vya elektroniki, atakwama ya pili.

Baada ya hapo ndipo unafuta. PS4 hukupa njia mbili, ya haraka na ya kamili. Ya haraka humalizika kwa dakika chache, na Sony yenyewe huonya kwamba mtu mwenye programu maalum anaweza kuyarejesha yaliyofutwa. Ya kamili huandika upya diski nzima na huchukua saa kadhaa, zaidi diski ikiwa ya terabaiti 1 badala ya gigabaiti 500. Wauzaji hupenda ya haraka kwa sababu mteja amesimama hapo na pesa mkononi. Mteja asubiri, au arudi kesho.

Katikati ya zile saa kadhaa ndipo umeme hupotea, na mtaani umeme hupotea. Mashine ikikatika hapo inaweza kukataa kuwaka kawaida. Haijafa. Zima kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi. Unganisha pedi ya kuchezea kwa waya wa USB, kwa kuwa bila waya haitasikika wakati huo, na uchague namba 7, ile ya kusakinisha mfumo upya. Utahitaji flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT, yenye folda iitwayo PS4, ndani yake folda UPDATE, na ndani yake faili PS4UPDATE.PUP, zote kwa herufi kubwa. Kosa la kawaida ni kupakua faili la kusasisha mfumo badala ya lile la kusakinisha upya. Yana jina lile lile na hukaa kwenye tovuti ile ile. Tofauti ni uzito: la kusakinisha upya lina zaidi ya gigabaiti 1, hilo jingine ni kama nusu yake. Watu wameuza PS4 nzima kwa bei ya vipuri kwa kutojua tofauti hiyo.

Kwenye Xbox, mashine ya Microsoft, nenda mfumo, maelezo ya mashine, kisha rejesha na uondoe kila kitu. Ile chaguo ya kubakiza michezo na programu si ya mtu anayeuza. Switch ina hila moja: picha za skrini huweza kuwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hiyo haifutwi ukifuta mashine, kwa hivyo ichomoe. PS5 hufutwa upesi kwa sababu ya aina ya hifadhi yake, ila flashi au diski ya nje iliyochomekwa hubaki na video zake.

Mashine ikiibwa, usibadilishe nenosiri ukalala. Ingia kwenye tovuti ya akaunti, sehemu ya usalama, utoke kwenye vifaa vyote, kisha ndipo ubadilishe. Na ule uthibitisho wa hatua mbili usiuegemeze kwenye ujumbe mfupi wa simu ukiweza kukwepa. Nairobi tunajua wizi wa laini ulivyo, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine. Tumia programu ya kuzalisha misimbo, na ile misimbo ya akiba unayopewa uiandike kwenye karatasi iliyo nyumbani. Picha ya skrini kwenye simu hiyo hiyo haitakusaidia simu ikienda.

Sasa kuna jambo la msingi zaidi, ambalo hufanya Mkenya awe na ulinzi mdogo kuliko mchezaji wa Cape Town. Kenya haimo katika orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation Network. Afrika Kusini imo. Kwa hivyo kila kijana wa hapa mwenye akaunti hiyo amejiandikisha kama mkazi wa Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au kwingineko, na nchi ukishaichagua haibadilishwi. Uongo huo mdogo una gharama kubwa. Kadi ya benki ya Kenya mara nyingi hukataliwa kwa sababu anwani haiendani na nchi, kwa hivyo watu hununua kadi za zawadi kwa wauzaji wa mitandaoni na kulipa kwa M-Pesa. Baadhi ya wauzaji hao humwomba mteja barua pepe na nenosiri ili “wamwekee”. Hakuna haja hiyo. Kadi ni msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaoingizwa na mwenye akaunti mwenyewe, mradi nchi ya kadi na nchi ya akaunti ziwe moja. Anayetaka nenosiri anataka akaunti.

Gharama ya pili huonekana akaunti ikipotea. Kampuni itauliza tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku ya kwanza, nchi, na nambari ya utambulisho ya mashine iliyotumika. Aliyebuni tarehe na anwani ya Texas miaka sita iliyopita hakumbuki kitu. Mnaofungua akaunti leo, wekeni tarehe ya kweli, na mwandike kwenye daftari la nyumbani nchi mliyochagua, barua pepe na ile nambari iliyo nyuma ya mashine.

Tarehe ya kweli ina maana nyingine, na hapa nawasihi wazazi. Mtoto wa miaka 12 akijiandika kuwa alizaliwa 1990, mfumo mzima humtendea kama mtu mzima: mgeni yeyote anaweza kumtumia ujumbe, sauti hufunguka, na vizuizi vya michezo ya umwagaji damu na vya matumizi ya pesa huondoka. Ulinzi upo, lakini huzimwa na tarakimu nne alizoandika mtoto kwa haraka ili aingie. Fungua akaunti yako ya mtu mzima kwanza, kisha umwongeze mtoto chini yako kama mwanafamilia. Ukimaliza, pitia sehemu ya faragha. PS5 hukuuliza kama unatoa data yote au kiasi kidogo tu kinachohitajika, chagua kidogo. Zima ukusanyaji wa sauti. Ruhusu ujumbe kutoka kwa marafiki pekee. Ni kazi ya dakika 10.

Msidhani kampuni kubwa zitafanya hayo kwa hiari. Juni 2023 Microsoft ilikubali kulipa dola milioni 20 nchini Marekani kwa kukusanya habari za watoto wa chini ya miaka 13 kwenye Xbox kabla wazazi hawajaidhinisha, na kuzihifadhi hata pale ambapo mzazi hakukamilisha usajili. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa milioni 275 kwa makosa ya namna hiyo. Na mwaka 2011 mtandao wa PlayStation ulivamiwa, habari za akaunti milioni 77 zikafikiwa, mtandao ukafungwa kwa siku 23; Uingereza ikaitoza Sony faini ya pauni 250,000 mnamo 2013. Faini hizo zilitozwa na nchi zenye sheria na zenye akaunti zilizoandikwa kwa jina lao. Mtoto wa Umoja aliyejiandika mkazi wa Leeds hayumo kwenye hesabu ya Kenya, na kwa Uingereza hayupo.

Wachezaji wanaweza kushinda wakishikamana. Mei 2024 Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PlayStation, mchezo huo uliacha kuuzwa katika nchi zaidi ya 170 zisizotambuliwa na mtandao wake. Kelele zilikuwa kubwa hivi kwamba sharti liliondolewa ndani ya siku chache. Vivyo hivyo 2013, Microsoft ilipotangaza Xbox One isiyofanya kazi bila kamera yake ya Kinect kuunganishwa, ikalazimika kurudi nyuma kabla mashine haijafika dukani.

Nirudi vibandani, kwa kuwa huko ndiko vijana wengi huchezea. Mashine nyingi zimechipiwa, yaani zimefunguliwa ili zicheze michezo isiyonunuliwa, na sababu yake inaeleweka: mchezo mpya wa asili ni ghali kuliko mapato ya kibanda kwa siku nyingi. Sina ugomvi na mwenye kibanda hapo, ila ajue alichokiwasha. Programu zinazotumika kuifungua PS4 huweza kuwasha seva ya FTP, njia ya kuhamisha faili kupitia mtandao, ili michezo inakiliwe kutoka kwa kompyuta. Seva hiyo haiulizi nenosiri. Ikiachwa imewashwa, na wateja wakapewa Wi-Fi ile ile, mtu aliyeketi kwenye benchi na simu anaweza kufungua diski ya mashine, akasoma picha na faili za kila aliyecheza hapo. Izimeni kila mkimaliza kunakili. Ruta karibu zote zinazouzwa siku hizi zina uwezo wa kutenga Wi-Fi ya wageni. Wateja wawe huko, nayo mashine, simu ya malipo na kinasa cha kamera viwe upande wa pili. Nanyi wateja, msiingize akaunti yenu yoyote kwenye kivinjari cha mashine iliyochipiwa. Hamjui ni nani aliyeandika programu iliyomo.

Kinasa cha kamera za usalama nacho kina habari zake. Kamera 4 zinazorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja huandika takriban gigabaiti 86 kwa siku, kwa hivyo diski ya terabaiti 1 hujaa baada ya siku 11 hivi kisha huanza kuandika juu ya picha za zamani. Kwa kibanda hiyo yatosha. Hakuna sababu ya kununua diski kubwa ili kuhifadhi sura za watoto miezi mitatu. Badilisheni nenosiri lililotoka kiwandani. Na msichukue kipande cha video cha mtoto aliyelia baada ya kufungwa mabao sita mkakipeleka TikTok kutangaza biashara. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumika, na haimbagui mwenye kibanda cha mabati na mwenye jumba la ghorofa.

Mtu atauliza siasa inaingia wapi. Inaingia hapa hapa.

Discord ilianzishwa 2015 ili wachezaji waongee wakicheza. Septemba 2025 vijana wa Nepal waliitumia kujadili nani awe waziri mkuu wa mpito na wakapiga kura ya maoni humo. Sushila Karki akaapishwa tarehe 12. Mwezi uliofuata Discord ikatangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilifikiwa na wavamizi kupitia kampuni iliyopewa kazi ya kuhudumia wateja. Vitambulisho hivyo vilikuwa vimetumwa kuthibitisha umri. Yaweke pamoja mambo hayo mawili uone. Mahali ambapo vijana hujadili uongozi ndipo pia panapokusanywa nyuso na vitambulisho vyao. Wala wapelelezi hawakungoja 2025: nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, zilizochapishwa Desemba 2013, zilionyesha mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza yakifuatilia mchezo wa World of Warcraft na Xbox Live, mtandao wa wachezaji wa Xbox.

Hili linamgusa kijana wetu aliyejiandika Uingereza, kwa sababu tangu Julai 25, 2025 sheria ya huko inadai uthibitisho wa umri katika huduma nyingi, na Microsoft imeanza kuwauliza wachezaji wa Xbox wa huko. Akiulizwa, asitume kitambulisho cha Kenya kwa akaunti aliyodai ni ya Manchester. Hakitalingana na akaunti, na picha yake itabaki mahali asipoweza kuifuata.

Hapa nyumbani tulishaonjeshwa. Machi 2018 wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya data za kampeni, walirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 wakijigamba kuendesha kampeni za urais Kenya, 2013 na 2017. Kampuni hiyo ndiyo iliyopata habari za hadi watu milioni 87 wa Facebook, na chanzo chake kilikuwa programu ya maswali ya tabia, kitu cha kupitisha muda tu. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvijongea. Majina na nambari za vitambulisho vilitoka mahali fulani. Kila mtu Nairobi anakijua kitabu cha wageni kwenye mlango wa jengo, kinachotaka jina, kitambulisho na simu, na kikijaa hakuna anayejua kinakokwenda.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Msimu kama huu mashindano ya mitaani hupata wadhamini wengi, na ya EA FC, mchezo wa kandanda wa kwenye mashine, yana mvuto kuliko hata ya mpira wa uwanjani kwa kuwa yanahitaji runinga mbili na chumba. Fomu ya kushiriki ndipo pa kutazama. Kuendesha mashindano ya wachezaji 32 kunahitaji jina la kuchezea, nambari moja ya simu, na kujua kama mchezaji ametimiza miaka 18. Basi. Fomu ikitaka nambari ya kitambulisho, wadi na kituo cha kupigia kura, hiyo si fomu ya mchezo. Mwenye kibanda ana haki ya kumwambia mdhamini hapana, na orodha aliyokusanya aichane zawadi zikishatolewa. Msiwaunganishe wachezaji kwenye kundi la kawaida la WhatsApp ambako kila mtu huona nambari ya mwenzake na wakala wa mwaniaji anaweza kuzinakili zote kwa dakika tano. Tumieni jumuiya ya WhatsApp, ambamo kundi la matangazo huficha nambari za wanachama.

Zawadi yenyewe isitupumbaze. Mwaka 2023 watu walipiga foleni KICC wapigwe picha ya mboni kwa ahadi ya sarafu za kidijitali za thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha mradi huo, ulioitwa Worldcoin, Agosti 2 mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya miili ya watu ifutwe. Kadi ya zawadi ya PlayStation huweza kuwa kidogo kuliko hapo.

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Kanuni za usajili za 2021 zinamsamehe mfanyabiashara mdogo mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, asilazimike kujisajili kwa Kamishna. Msamaha huo hauwahusu wanaotafuta uungwaji mkono wa kisiasa. Hao lazima wajisajili hata wakiwa watatu kwenye meza moja. Uendeshaji wa kamera za usalama umo kwenye orodha hiyo hiyo, na hilo wenye vibanda walizingatie.

Kwa hivyo ukipokea ujumbe wa mwaniaji unaokutaja kwa jina na wadi, usiufute kwa hasira. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la mtumaji, tarehe na saa. Mwandikie mtumaji au chama chake, kwa barua pepe ili pabaki ushahidi, ukiuliza mambo matatu: wana habari gani zako, walizipata wapi, na wamempa nani. Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data una haki ya kujua, na kanuni zinawapa siku 7 kukujibu, bila kukutoza chochote. Ukitaka wafute, wana siku 14. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Kamishna pamoja na ile picha na nakala ya barua yako. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Malalamishi mengi hudhoofika kwa sababu mtu huja na hasira bila ile barua ya kwanza. Na kabla ya yote hayo, ingia eCitizen, fungua ukurasa wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone kama umeandikwa mahali. Ukikuta chama usichokijua, jiondoe hapo hapo na uhifadhi uthibitisho.

Naiomba Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ichapishe karatasi moja kwa Kiswahili, ya kubandikwa ukutani katika vibanda vya PS na kwa mafundi wa Luthuli: nini kifutwe kabla ya kuuza, kamera ihifadhi siku ngapi, nani haruhusiwi kupewa orodha ya wachezaji. Wenye vibanda si wakaidi. Hawajaambiwa kwa lugha wanayoizungumza kazini. Naomba pia Msajili wa Vyama adai kila chama kieleze kilipata wapi nambari za simu kinazozitumia, kabla ya 2027 wala si baada yake.

Nanyi wahariri, mtakapochapisha habari ya mashine mpya, wekeni kando ya bei mistari miwili: inakusanya nini kuhusu mtoto, na inafutwaje siku ya kuiuza.

Wenu,
Fundi wa mashine za michezo,
Nairobi